Simu Iliyobaki Jikoni

Rukia mwanangu,

Begi lako limesimama mlangoni tangu asubuhi, na kila nikipita nalisukuma kidogo kwa mguu, sijui kwa nini. Leo Jumapili, nusu ya mtaa wetu wa Suna imo kanisani na nusu nyingine imelala. Duka nimelifunga, nami nimekaa hapa barazani na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la zamani la shule. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Lodwar, kwenye maabara ya hospitali, kazi yako ya kwanza. Nimekuona ukipita uani mara tatu ukijifanya unatafuta kitu.

Sitakwambia ule vizuri, wala ulale mapema, wala uchague marafiki. Hayo mamako mdogo Awuor atakwambia kwa simu kila jioni mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba wiki tano sasa. Nililifanya, nikalificha, na usipolisikia kutoka kwangu leo nitakaa nalo mpaka siku utakayorudi, na huenda nikawa nimeshazoea kulificha. Nisome hadi mwisho, ndipo uamue kama utanikasirikia. Naogopa, mwanangu. Nakwambia mapema usije ukadhani mwandiko huu unaopinda ni wa uzee.

Lakini siwezi kuanza na kosa lenyewe. Niache nianze na earphone, maana ndizo zilizotufikisha hapa.

Wewe umekulia nyuma ya kaunta yetu, katikati ya chaja na kava, kwa hiyo unajua kuwa nusu ya wanaonunua hizi earphone zisizo na waya hurudi. Hurudi na sura ya mtu aliyeibiwa. Hazilii, wanasema, umeniuzia bovu. Nami huwauliza walizitumia wapi mara ya mwisho. Mmoja atasema kwa simu ya mke wake, mwingine kwa kompyuta ya ofisini, na papo hapo najua hazijaharibika. Zinamkumbuka wa kwanza. Ukifungua kijisanduku tu zinamtafuta yeye, na akiwa karibu zinamrukia, wewe uliyezivaa unabaki na kimya masikioni. Dawa yake ni kuiendea ile simu ya kwanza au ile kompyuta, uiambie izisahau, halafu ubonyeze kitufe cha kisanduku na kuhesabu polepole mpaka kitaa kianze kupepesa cheupe. Watu hawana subira na kule kuhesabu. Huachia kidole mapema, kisha wanalaumu duka.

Unamkumbuka yule mkulima wa tumbaku kutoka Kehancha? Ulikuwa kidato cha tatu, ulikuwepo siku ile. Nilimwambia ngoja nikuunganishie, akasema anajua. Akabonyeza jina la kwanza aliloliona kwenye orodha ya vifaa katika simu yake, kumbe jina lile lilikuwa la spika ya kinyozi wetu wa jirani. Akatoka nje, akasimama kwenye jua, akafungua ujumbe wa sauti aliotumiwa na mkewe. Masikioni, kimya. Akaufungua tena, na tena. Na kule kwa kinyozi watu waliokuwa kwenye viti wakamsikia mama wa watu mara tatu nzima akilalamika jinsi mumewe anavyokoroma, hata amehamia kulala na watoto. Nasi dukani tulisikia kila neno kupitia ule ukuta wa mabati. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya kaunta, machozi ya kicheko yananitoka.

Alipoelewa, hakupiga kelele. Aliziweka earphone juu ya kioo cha kaunta akaniangalia mimi, si kinyozi. "Kunisikia si kitu, mzee," akasema. "Lakini mmesikia mara tatu, na hakuna mtu ametoka kuniambia."

Niliicheka hadithi hiyo mwaka mzima. Nilimhadithia kila aliyekuja. Siku hizi siihadithii tena, na baada ya muda mfupi utajua kwa nini.

Masikio yangu yalianza kunitoroka bila kuniaga. La kushoto lilitangulia. Nilidhani watu wa Migori wameanza kunong'ona, nikawa nakasirika nao kimoyomoyo. Baadaye nikajifunza kutazama midomo. Mtu akitaka chaja nampa kava, akinirudishia nacheka, namwambia nilikuwa namjaribu tu. Nilikuficha wewe kuliko wote. Ukinisemesha jioni nilikuwa naitikia "naam" kwa kubahatisha, na mara nyingi nilibahatisha vizuri. Ndipo siku moja ya Ramadhani ukasimama nyuma yangu nikiwa nakata tikitimaji la futari, ukaniita mara nne. Mara ya tano ulikuja mbele, na uso wako ulikuwa umebadilika. Ulikwenda dukani ukarudi na kijisanduku cheupe.

Jioni ile ulinikalisha papa hapa. Ukachukua simu yangu, ukacheka kwamba iko kwa Kiswahili, na palipoandikwa "Oanisha kifaa kipya" ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukanishika kidole ukakiweka kwenye kitufe, mimi ninayeuza vitu hivi, tukahesabu pamoja mpaka kitaa kikapepesa. Kisha ukafungua ile programu ya kukuza sauti, ukaiweka simu juu ya meza, ukanitia earphone masikioni wewe mwenyewe, moja moja, polepole. Ukaniambia simu ndiyo itakayokuwa inasikia, nayo itanitumia mimi.

Rukia, sijui nikwambieje. Nilisikia kuku akitembea. Nilikuwa nimesahau kwamba kuku ana sauti ya kucha. Nikasikia kijiko ndani ya kikombe, na mtu wa mbali akifungua lango, na pumzi yangu mwenyewe, ambayo ilinishtua kidogo. Halafu wewe ukacheka, na hapo ndipo nilipogundua kile kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Sauti ilikuwa inachelewa. Kidogo sana, kiasi cha kupepesa jicho. Nilikuona unacheka, kisha kicheko kikafika. Tangu siku ile naishi hivyo. Mdomo unatangulia na neno linakuja baadaye, na katikati yake mna kijinafasi cha utulivu ambacho nimekipenda. Mchana mzima unaweza kupita nikiwa kama mtu aliyelala na kuamka kwa wakati mmoja.

Si kwamba mambo yalinyooka mara moja. Kuna asubuhi niliwasha kompyuta ya duka, na kwa kuwa zamani niliwahi kuzijaribu earphone hizo hizo kwenye kompyuta, zikairukia. Nikahudumia watu saa nzima nikiwa sisikii chochote ila mlio wa kompyuta kila nikigusa kitufe, nikitikisa kichwa kwa heshima. Mama mmoja alinieleza habari ndefu, nikamwambia hongera. Alikuwa amefiwa. Jioni uliiambia kompyuta izisahau, ukaenda mpaka kwa yule mama kuniombea radhi. Hukunieleza ulimwambia nini, ila alirudi, na bado ni mteja wetu.

Sasa nikwambie habari ya mama yako.

Tumeishi miaka kumi na miwili bila yeye, na wewe umeacha kuniuliza maana kila ukiuliza nilikuwa nikitafuta kazi ya mikono. Mama yako Akoth alikuwa na sauti ya chini. Watu wa kwao Mbita huongea wakishindana na upepo wa ziwa, yeye hakushindana na kitu. Mimi wakati ule nilikuwa na masikio mazima, yanasikia mlio wa pikipiki kutoka stendi. Jioni moja nilikuwa na redio mkononi, mpira unaendelea, akasimama mlangoni akaniambia ana maumivu hapa, akaweka mkono. Nikamwambia haya. Nilisema "haya" kama unavyomwambia mtu anayekueleza kwamba mvua itanyesha. Hakurudia. Mara ya pili alipoyataja maumivu hayo alikuwa kitandani hospitalini, na daktari alikuwa ameshayataja kabla yake.

Sijui kama ningesikiliza angekuwa hai. Daktari alisema huenda hapana. Lakini ninachokijutia si kifo tu. Najutia ile "haya". Najuta, mwanangu, na hii ndiyo mara ya kwanza nalisema neno hilo kwa mtu.

Basi baada ya hayo yote ungetarajia kwamba mtu aliyerudishiwa masikio na bintiye angeyatumia vizuri. Hili ndilo kosa langu.

Wiki tano zilizopita nilikuja kukaa hapa barazani, nikasahau simu jikoni, juu ya rafu, kando ya kopo la unga. Earphone zilikuwa masikioni. Jikoni ni hapo tu, ng'ambo ya ua, nikitazama naona mlango na dirisha lake. Nilisikia sufuria. Nikasikia wewe ukizungumza na Awuor kwa simu, Kijaluo chenu cha haraka ambacho baada ya miaka hii yote nakishika nusu, hata mnanicheka. Nusu hiyo ilinitosha. Nilisikia Lodwar. Nilisikia kazi. Nilisikia kwamba barua ya kukuita ilikuwa imekuja siku nane kabla ya hapo, na kwamba utaikataa. Awuor lazima aliuliza sababu, kwa sababu ulisema neno moja tu, "Baba."

Hapo ndipo ningepaswa kuinuka. Hatua kumi na mbili kutoka kiti hiki mpaka jikoni, nimezihesabu tangu hapo. Ningeingia nikakwambia nimesikia bila kukusudia, na nenda, mwanangu. Sikuinuka. Kitu fulani ndani yangu kilifurahi. Unanielewa? Nilifurahi kwamba utabaki. Nilikaa hapa nikitazama kuku, na moyo wangu ulikuwa mwepesi, na nilijua vizuri kabisa kwamba wepesi ule ni wizi.

Ulipotoka na chai nikajitia hamnazo. Nikakuuliza habari za hali ya hewa.

Siku iliyofuata niliiacha simu jikoni tena, na safari hii sikuwa nimesahau. Niliiweka pale pale kando ya kopo la unga, nikaja kukaa. Nikafanya hivyo kesho yake na mtondogoo. Nilikuwa natega sikio nyumbani kwangu mwenyewe, mzee mzima, nikingoja kusikia kama umeshaandika ile barua ya kukataa. Nikakusikia ukiimba. Nikakusikia siku moja ukilia, si sana, huku unakatakata sukuma wiki. Nikakaa. Yule mkulima wa Kehancha alikuja akasimama mbele yangu siku hiyo, si yeye mwenyewe, ni yale macho yake.

Kisha Awuor akaja kutoka Mbita na ule mfuko wake wa omena, dagaa wa ziwa, mkaingia jikoni pamoja. Nilikuwa hapa. Mlianza kwa Kijaluo kama kawaida, nami nikawa nafuata kwa mbali. Mara mkabadilisha mkasema Kiswahili, kikavu, neno kwa neno, nami nikashangaa kidogo, maana nyinyi wawili hamsemi Kiswahili mkiwa peke yenu. Awuor akakuuliza kwa nini usiniambie tu. Nawe ukasema hivi, nayakumbuka maneno yalivyo: "Baba akiniambia niende, kwa mdomo wake mwenyewe, nitaenda na moyo mweupe. Akinyamaza nitabaki, na sitamlaumu."

Maneno hayo yalinikaa kifuani siku mbili.

Nikamfikiria mama yangu. Wewe hukumkuta. Nilipoondoka Malindi nilikuwa na umri wako, na mkoba wa saa za mkono za kuuza, na sikuwa na hakika hata kidogo kwamba nataka kwenda. Mama alikuwa ameketi anachagua mchele. Nilisimama mbele yake na mkoba begani nikingoja aseme nenda, au aseme baki, lolote. Aliendelea kuchagua mchele. Nikaondoka na hasira, na hasira ile ikanifikisha Migori, mji ambamo sikumjua mtu. Miaka mingi baadaye, kwa simu yenye mikwaruzo, nilimuuliza kwa nini hakusema kitu siku ile. Akaniambia alikuwa anangoja mimi niseme, na mchele ule aliuchagua mara mbili. Basi. Watu wawili wanangojeana, na katikati yao sinia la mchele. Nimeyabeba hayo maisha yangu yote kisha nikakaa hapa nikakufanyia yale yale, na mimi nina masikio ya umeme.

Ijumaa iliyofuata nilitoka msikitini moja kwa moja nikaja jikoni. Ulikuwa unaosha omena. Nikakwambia, "Nenda Lodwar." Ulifunga maji. Hukuuliza Lodwar gani, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa macho. Uliniuliza nani kaniambia, nami badala ya kusema kweli nikasema nimeota. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema, nimeota unafanya kazi mahali penye mchanga na jua jingi. Ukaniangalia muda mrefu. Midomo yako ikasogea, na baada ya kile kijinafasi, sauti ikaja: "Ndoto nzuri, Baba." Ukafungua maji tena.

Kwa hiyo hakuna ndoto. Kulikuwa na simu kando ya kopo la unga, na baba yako anayesikiliza kwa siri, na wiki mbili za kunyamaza kwangu kwa sababu nilipenda kukuona ukipita uani. Kazi ile ingekwenda kwa mtu mwingine, nami ningejifanya kushangaa. Hili ndilo ninaloomba unisamehe. Sikuombi usikasirike. Ukikasirika, kasirika mpaka Lodwar, lakini usikae kimya, maana kimya chako ndicho siwezi kukisikia kwa kifaa chochote.

Kuhusu mimi, usiwe na wasiwasi. Jana uliniona nikizitenganisha na kuziunganisha upya peke yangu, ukajifanya unakunja nguo. Nilihesabu, sikuachia kidole. Nimejua sasa simu ikae mbele ya mteja, kompyuta niiwashe baada, na moja ikikataa kuitika niirudishe kisandukuni pamoja na mwenzake zikutane kwanza. Na simu sitaiacha tena mahali nisipokuwepo. Nikitaka kujua habari ya mtu nitamuuliza yeye. Ni jambo dogo, na limenichukua miaka hamsini na minane.

Na wewe huko, siku mtu akikwambia ana maumivu hapa, weka chini ulichoshika. Sina zaidi ya hilo.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya jina langu chini ya ukurasa, na nimelifuta, kama unavyoona, kwa sababu kuna jambo limetokea sasa hivi na wino wa mstari ule haujakauka.

Nimekuwa nikiandika na earphone masikioni. Nikasikia kalamu? Hapana. Nikasikia maji yakichemka, na kifuniko kikiwekwa mezani. Nikapapasa mfukoni, simu haimo. Wallahi, Rukia, leo nimesahau kweli, niliichukua asubuhi nikaja kukusaidia unga wa chapati za safari, nikaiacha palepale. Nikainua macho ili nije niichukue. Nawe ulikuwa umesimama dirishani, unanitazama. Ukainama kwenye rafu, ukasogeza mdomo karibu na kopo la unga. Nikaona midomo yako inasogea, na kile kijinafasi kikawa kirefu kuliko siku zote.

"Baba," sauti ikafika, "ukimaliza kuota, njoo unywe chai."

Umekuwa ukijua. Tangu siku gani sijui, na siulizi. Sasa nimeelewa kwa nini siku ile wewe na Awuor mliacha Kijaluo chenu mkasema Kiswahili kilichonyooka, neno kwa neno, kando ya rafu. Ulikuwa unaniambia mimi. Ulininyooshea maneno mpaka hapa barazani, ukasubiri siku mbili kuona kama nitainuka.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa begi lako hata hivyo, kwa kuwa mna habari za mama yako humu, na hizo hukuzijua. Earphone nimezivua, nimezirudisha kisandukuni. Sasa sisikii kitu, naona tu mvuke unatoka mlangoni na wewe umeshika vikombe viwili. Naja. Ni hatua kumi na mbili. Hilo ulilolisema, utalirudia kwenye sikio langu la kulia, ndilo lililobaki.

Babako